Barua za William James: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nikizisoma barua za William James kwa muda mrefu. Kila ninapozitaja mbele ya wenzangu, hasa wanafunzi wa saikolojia na wa ushauri nasaha, maswali huwa ni yale yale, ndiyo maana nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa ufupi kwa kuwa jibu lake ni fupi. Mengine yamenivuta, nami nimekubali kuvutwa.

William James ni nani, kwa wasiomjua?

Ni Mmarekani aliyezaliwa New York tarehe 11 Januari 1842 na kufariki tarehe 26 Agosti 1910 nyumbani kwake kijijini Chocorua, jimbo la New Hampshire. Alisomea udaktari Harvard akahitimu mwaka 1869, lakini hakuwahi kufanya kazi ya kutibu wagonjwa. Alifundisha hapo hapo Harvard, kwanza fiziolojia, kisha saikolojia, kisha falsafa. Mwaka 1890 alitoa kitabu cha juzuu mbili, *The Principles of Psychology*, chenye kurasa zipatazo 1,400. Anayezungumzia leo mkondo wa fahamu, au nguvu ya mazoea katika maisha ya mtu, anachota kisima kilichochimbwa mle. Mdogo wake, Henry James, ndiye yule mwandishi maarufu wa riwaya. Dada yao, Alice, aliacha shajara ambayo inasomwa mpaka leo.

Vitabu vyake vipo. Kwa nini nihangaike na barua?

Kwa sababu kwenye barua unalikuta wazo kabla halijavaa nguo ya kutokea. Kitabuni James ni profesa. Kwenye barua ni mtoto wa mtu, ni kaka, ni mume, ni mgonjwa wa mgongo na macho, ni mwalimu anayemtafutia mwanafunzi wake nafasi, na wote hao wanaandika kwa kalamu moja kwenye karatasi moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanataka barua za kikazi ziwekwe upande huu, za nyumbani upande ule, wasome za kikazi tu. Kwa James mpaka huo haupo. Mwaka 1869 Henry akiwa safarini Ulaya alimwandikia kwa urefu jinsi anavyoteswa na kufunga choo, na William, daktari mpya kabisa, alimjibu kwa ushauri wa dawa na tiba. Unaweza kusema hayo ni mambo ya ndani ya familia, hayatuhusu. Lakini huyu ndiye mtu atakayekuja kuandika kwamba hisia zetu haziwezi kutenganishwa na mwili, kwamba tunahuzunika kwa sababu tunalia. Aliijua kauli hiyo kwa mwili wake na miili ya ndugu zake miaka mingi kabla ya kuifundisha darasani.

Barua zenyewe ziko wapi?

Sehemu kubwa iko katika maktaba ya Houghton, Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Cambridge, Massachusetts, pamoja na karatasi nyingine za familia ya James. Nyingine zimetawanyika katika maktaba za Marekani na Ulaya, kwa kuwa barua kwa kawaida hubaki kwa aliyeandikiwa.

Zimechapishwa?

Ndiyo, kwa awamu tatu.

Mwaka 1920 mwanawe wa kwanza, aliyeitwa Henry kama ami yake, alitoa juzuu mbili za barua teule mjini Boston. Ni kazi ya mtoto anayemheshimu baba yake, na alikata alichoona hakifai kutoka nje ya nyumba. Mwaka 1935 Ralph Barton Perry, mwanafunzi wa James aliyekuja kuwa profesa Harvard, alichapisha juzuu mbili kuhusu fikra na tabia ya mwalimu wake, zimejaa barua za kitaaluma, na kazi hiyo ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Halafu kati ya 1992 na 2004 chuo kikuu cha Virginia kilichapisha toleo kubwa la juzuu 12, wahariri wake wakuu wakiwa Ignas Skrupskelis na Elizabeth Berkeley. Linaanza na barua za utotoni mwaka 1856 na kuishia mwaka wa kifo chake.

Ukiwa na uwezo wa kufikia toleo moja tu, chagua la juzuu 12. Barua ambazo hazikuchapishwa kamili zimeorodheshwa humo kwa tarehe na muhtasari, kwa hiyo hupotezi uzi.

Kwa nini juzuu tatu za kwanza ni za William na Henry peke yao?

Kwa sababu ndugu hawa wawili waliandikiana kwa karibu miaka hamsini, bahari ikiwa katikati kwa sehemu kubwa ya muda huo, na mazungumzo yao yanajitegemea kama kitabu.

Si mazungumzo ya kusifiana. Mwaka 1905 William alimwandikia mdogo wake kwamba riwaya zake za karibuni zimemshinda, akamsihi aandike japo kitabu kimoja chenye habari iliyonyooka, kisicho na giza giza, chenye nguvu na uamuzi, kimfurahishe kaka yake. Henry alimjibu kwamba ni heri aingie kaburini na aibu kuliko kuandika vitu vya namna ile. Ukiisoma barua hiyo peke yake utadhani undugu umekatika. Ukisoma zinazotangulia na zinazofuata unaona walivyopendana: mwaka 1910, moyo wa William ukiwa umechoka kabisa, alivuka bahari kwenda kumwona Henry aliyekuwa mgonjwa, na Henry akamsindikiza kurudi Marekani akawa naye mpaka alipokata roho.

Nimesikia Henry alizibadilisha barua za kaka yake. Ni kweli?

Ni kweli, na swali hili linastahili jibu refu.

Mwaka 1914 Henry alichapisha kumbukumbu za ujana wao, akaweka ndani yake barua za William. Kumbe alikuwa amezipitia na kuzirekebisha: neno hapa, sentensi pale. Rais Lincoln alipouawa mwaka 1865, William alimtaja kwa jina la mkato la mtaani, Abe. Henry akalirefusha likawa Abraham. Mpwa wake, yule atakayetoa toleo la 1920, alilalamika sana, kwa kuwa kwake yeye barua ni ushahidi, na ushahidi haupigwi rangi.

Henry alijitetea kwa barua ndefu mwishoni mwa 1913, kitabu kikiwa bado hakijatoka. Alieleza kwamba alipokuwa akizipitia karatasi zile alihisi kama William amesimama kando yake, akimwomba asimtoe mbele za watu akiwa na matambara yake na ajali zake za kalamu, bila msaada. Kwa hiyo alimsaidia, kama unavyomrekebishia ndugu yako kola kabla hajaingia ukumbini.

Namwelewa Henry, na bado nasimama na mpwa. Uzuri wa kalamu ya William ni yale matambara. Aliandika haraka, kwa utani, kwa maneno ya mtaani, na ukimnyoosha unapoteza mtu mwenyewe. Msomaji akikutana na barua za ujana wa James katika kitabu cha 1914, azilinganishe na toleo la juzuu 12 kabla ya kuzinukuu.

Ni barua gani ya mwanzo inayogusa saikolojia?

Watu wengi hutaja barua aliyomwandikia rafiki yake Thomas Ward kutoka Berlin, Novemba 1867. James ana miaka 25, anaugua, hajui atafanya nini na maisha. Katikati ya malalamiko anasema kwamba huenda wakati umefika wa saikolojia kuanza kuwa sayansi. Kwamba vipimo fulani vimekwisha kufanywa katika eneo lililo kati ya mabadiliko ya neva na kuzuka kwa fahamu. Na kwamba mwanasayansi Helmholtz na mtu mmoja aitwaye Wundt wanafanya kazi hiyo Heidelberg, Ujerumani, naye James anatarajia kwenda huko kiangazi. Angalia anavyomtaja Wundt: *mtu mmoja*. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1879, mtu huyo atafungua maabara ya Leipzig, na dunia nzima itamwita baba wa saikolojia ya majaribio. James alikwenda Heidelberg kweli mwaka 1868, akakaa siku chache tu akaondoka kwa majonzi.

Ward si rafiki wa hivi hivi. Walikuwa pamoja Brazili mwaka 1865, katika msafara wa Louis Agassiz wa kukusanya samaki wa mto Amazon. Barua za James kutoka kule zinafurahisha na kusikitisha. Aliugua aina hafifu ya ndui mjini Rio, akamwandikia baba yake kwamba kuja kwake kulikuwa kosa, kwamba kazi ya kukusanya vielelezo anaichukia, na kwamba sasa ameng'amua yeye ni mtu wa kufikiri kuliko mtu wa kutenda. Safari ilimpa jibu ambalo hakwenda kulitafuta.

Je, barua zinaonyesha ugonjwa wake wa huzuni?

Zinauonyesha waziwazi. Januari 1868 alimwambia Ward kwamba majira ya baridi yaliyopita alikuwa ukingoni mwa kujiua. Hakuipamba kauli hiyo.

Mwaka 1870 ndio uliokuwa mzito zaidi, lakini hapa tahadhari: maneno yake maarufu, kwamba tendo lake la kwanza la hiari litakuwa kuamini kwamba hiari ipo, yako kwenye shajara yake ya tarehe 30 Aprili 1870, si kwenye barua. Kinachopatikana kwenye barua ni shukrani. Novemba 1872 alimwandikia Charles Renouvier, mwanafalsafa wa Ufaransa ambaye maandishi yake ndiyo yaliyomwinua, kumwambia kwamba kwa msaada wake amepata kwa mara ya kwanza namna ya kuielewa hiari inayoingia akilini. Mtu anamshukuru asiyemjua kwa kumwokoa.

Na ipo barua moja fupi ninayoiona kuwa na uzito kuliko kurasa nyingi. Katika kitabu chake cha 1902 kuhusu aina za maisha ya kidini, James alinukuu ushuhuda wa Mfaransa mmoja asiyetajwa jina. Mtu huyo aliingia chumbani jioni, akashikwa ghafla na hofu ya kutisha, na papo hapo akamwona akilini kijana mgonjwa wa kifafa aliyewahi kumkuta hospitali ya wagonjwa wa akili, amekaa kakunja magoti siku nzima, naye akajiambia: umbo lile ni mimi. Mwaka 1904 Frank Abauzit, aliyekuwa akikitafsiri kitabu kwa Kifaransa, aliulizia ushuhuda ule. James akamjibu kwamba kisa kile ni chake mwenyewe, shambulio kali la neva pamoja na hofu, na kwamba kwa kawaida alificha chanzo. Mfaransa hakuwapo. Bila barua ile kwa mtafsiri, pengine tungeendelea kumhurumia mgeni.

Ni kweli alikitukana kitabu chake mwenyewe?

Alikitukana. Mkataba na mchapishaji Henry Holt ulikuwa wa 1878, mwaka ule ule aliomwoa Alice Howe Gibbens, na James aliomba muda wa miaka miwili. Alichukua kumi na miwili. Mei 1890, mswada ukikaribia kwisha, alimwandikia Holt kwamba hakuna awezaye kuchukizwa na kitabu kile kama yeye. Ni bonge lililovimba, lililojaa maji kama tumbo la mgonjwa, linalothibitisha mambo mawili tu: kwanza, kwamba hakuna kitu kinachoitwa sayansi ya saikolojia, pili, kwamba W. J. hajiwezi.

Wapo wanaoinukuu barua hii kuthibitisha kwamba James aliikana saikolojia. Ni barua ya mtu aliyechoka. Miaka miwili baadaye alikuwa amekifupisha kitabu hicho hicho kwa ajili ya madarasa, na wanafunzi wa Marekani walikisoma kwa miongo.

Aliandikiana na wanasaikolojia gani?

Karibu wote waliokuwa na maana enzi zake. Nitawataja wachache.

Carl Stumpf, Mjerumani aliyechunguza saikolojia ya sauti, alikutana naye Prague vuli ya 1882. Walikaa pamoja siku chache, na urafiki ukadumu kwa barua mpaka uzeeni. Waraka nusu ya kuonana, wahenga walisema, na kwa wawili hawa nusu hiyo ilitosha. Kwa Stumpf ndiko James alikotoa ya moyoni kuhusu Wundt, Februari 1887: ni Napoleon wa akili asiye na kipaji, na hatapata kamwe Waterloo yake, yaani pigo la kumwangusha, kwa kuwa hana wazo moja la katikati ambalo likipigwa jengo lote linaanguka. Ukimkatakata kama mnyoo, kila kipande kitatambaa. Kitabuni James alimnukuu Wundt kwa heshima. Hasira ilibaki kwenye bahasha.

Théodore Flournoy wa Geneva alikuwa rafiki wa moyo, kila mmoja akimweleza mwenzake magonjwa yake. Hugo Münsterberg aliitwa kutoka Freiburg kwa barua ya James mwaka 1892 aje kusimamia maabara ya Harvard, kwani James mwenyewe kazi ya maabara ilimchosha. Kwa Charles Peirce, mwanafalsafa mwenye akili nyingi aliyezeeka kwenye ufukara, James aliandika barua za kuchangisha fedha kwa marafiki ili mwenzake apate chakula.

Alisema nini kuhusu Freud?

Alionana na Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya uchambuzi wa nafsi, Septemba 1909 Chuo Kikuu cha Clark, Worcester. Siku chache baadaye James alimwandikia Mary Calkins kwamba anamshuku Freud, na nadharia yake ya ndoto, kuwa mtu aonaye maruweruwe. Ila anatumaini Freud na wafuasi wake wataisukuma nadharia hiyo mpaka mwisho wake, kwa sababu bila shaka kuna mambo inayoyaeleza. Kwa Flournoy alirudia matumaini hayo, akaongeza kwamba Freud amempa picha ya mtu aliyetawaliwa na mawazo yasiyobadilika, na kwamba kufasiri kila kitu kwa alama ni njia ya hatari sana. Wanaomchukia Freud hunukuu nusu ya kwanza, wanaompenda nusu ya pili. Barua zina nusu zote mbili.

Mary Calkins ni nani?

Mwalimu wa chuo cha wanawake cha Wellesley aliyetaka kusoma saikolojia Harvard mwaka 1890, wakati Harvard haikupokea wanawake. James alimpigania. Alimwandikia kwamba kufungiwa nje kwake ni uovu, jambo la kutosha kuwafanya yeye na wanawake wote walipue baruti. Hatimaye Calkins aliruhusiwa kuhudhuria semina yake, lakini si kama mwanafunzi aliyesajiliwa. Mwaka 1895 walimu wake walimpima na kukubali kwamba amestahili shahada ya udaktari wa falsafa. Harvard ikakataa kuitoa, na haijampa. Mwaka 1905 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanasaikolojia wa Marekani.

Mwanafunzi mwingine aliyebaki moyoni mwa James ni W. E. B. Du Bois. Kitabu cha Du Bois kuhusu roho za watu weusi kilipotoka mwaka 1903, James alimtumia Henry nakala pamoja na barua ya kukisifu.

Dada yake anaonekana wapi?

Alice aliishi na maradhi ambayo madaktari wa wakati wake waliyaita ya neva, wakashindwa kumsaidia. Mwaka 1891 akiwa Uingereza aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. William alimwandikia Julai bila kuzungusha maneno: alimzungumzia kifo chake kama jambo lililo karibu, akasema kwamba nafsi yake itakapotoka mwilini kutakuwa na mlipuko wa nguvu na uhai uliokuwa umefunikwa.

Jibu la Alice ndilo linalonisimamisha kila mara. Alimwambia asimfikirie kama kiumbe ambaye angekuwa kitu kingine laiti sayansi ya neva ingekuwa imezaliwa. Anamwambia hivyo nani? Kaka yake, ambaye mwaka mmoja kabla ametoa kitabu kikubwa kuliko vyote vya sayansi hiyo nchini mwao. Alifariki Machi 1892.

Mwandiko wake unasomeka?

Kwa mazoezi, ndiyo. Macho yalimsumbua tangu ujana, na mara nyingine alitamka maneno mkewe akaandika. Utakuta pia Kiingereza chenye tahajia fupi, herufi zisizotamkwa zikiwa zimekatwa, kwa sababu alikuwa mtetezi wa kurahisisha tahajia ya lugha yake. Si makosa ya chapa. Sisi tunaoandika neno kama linavyotamkwa hatuna sababu ya kumlaumu.

Nianze na barua ipi?

Anza na ya tarehe 14 Desemba 1882.

William alikuwa London, kwenye nyumba ya Henry. Mama yao alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka huo huo, na sasa baba alikuwa anakufa Marekani. Henry alikwisha panda meli. William aliambiwa abaki. Basi akaketi akamwandikia baba yake. Anamwambia kwamba maisha yake yote ya akili ameyapata kwake, na kwamba hata walipobishana anaamini kuna mahali wanapatana. Anamwambia kwamba wao watoto wataendelea kuishi, kila mtu kwa njia yake, wakijisikia kidogo kama wasio na kinga ingawa ni watu wazima, kwa kukosa kifua cha wazazi cha kukimbilia. Hakuna hata neno moja la kitaalamu humo, na sijui ukurasa wa kitabu chake unaoeleza vizuri zaidi uhusiano wa mtu na mzazi wake. Mwishoni anamtakia usiku mwema na kumuaga, endapo hawataonana tena.

Baba alifariki tarehe 18. Barua ilikuwa bado baharini. Henry naye alifika amechelewa, siku ya mazishi yenyewe. Barua ilipofika, Henry aliichukua akaenda nayo makaburini Cambridge, tarehe 31 Desemba, theluji ikiwa chini, akasimama juu ya kaburi akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Kesho yake alimwandikia William kumjulisha kwamba ameisoma, na kwamba ana hakika baba aliisikia, mahali fulani ndani ya ile hewa tulivu na angavu ya majira ya baridi.